Sindano ya Botox Mombasa: inavyotibu, inavyodhuru, na namna ya kujilinda

Kabla sindano haijaingia mwilini, maswali ni matatu: ni chapa gani, ni yuniti ngapi (kipimo cha nguvu ya dawa), na inadungwa msuli upi. Anayetaka kukudunga akikwama kwa hata swali moja, shuka kitandani, vaa viatu, nenda zako. Mwongozo huu unaeleza kwa nini maswali hayo yana uzito na majibu yanayoeleweka yanafananaje. Ni wa mgonjwa na jamaa anayemuuguza, hapa Mombasa na vitongoji vyake. Haumfundishi mtu kujidunga wala kumdunga mwenziwe.

Dawa yenyewe

Botox ni jina la biashara la kampuni moja. Dawa iliyomo ni sumu ya botulini, inayotolewa na bakteria aitwaye Clostridium botulinum, nayo ni miongoni mwa sumu kali kabisa zijulikanazo. Hospitalini hutumika kiasi kidogo mno: sumu iliyo ndani ya kichupa cha yuniti 100 haifiki hata sehemu moja ya milioni ya gramu.

Neva inapotaka msuli ukaze, humwaga kemikali iitwayo asetilikolini pale inapogusana na msuli. Sumu hii huingia kwenye ncha ya neva na kukata protini inayoitoa kemikali hiyo. Amri haifiki, msuli unalegea. Tezi za jasho, tezi za mate na kibofu navyo hupokea amri kwa kemikali hiyo hiyo, ndiyo maana dawa moja inatibu mambo yanayoonekana hayahusiani.

Neva haifi, baada ya muda hujenga upya ilichopoteza. Hapo pana mambo matatu ya kushika. Kwanza, haifanyi kazi papo hapo: usoni utaanza kuona tofauti baina ya siku ya 3 na ya 7, na nguvu yake kamili ni kwenye wiki 2. Pili, huisha, kwa kawaida baada ya miezi 3 hadi 4. Tatu, ikishaingia ndani ya neva hakuna dawa ya kuitoa. Makosa ya dozi huwezi kuyafuta, unayangojea yaishe.

Marekani iliiidhinisha mwaka 1989 kwa kengeza na kwa kope zinazojifumba zenyewe. Idhini ya mikunjo ya uso ilikuja mwaka 2002 tu. Ni dawa ya misuli kwanza, na anayeishika lazima awe anaijua misuli.

Inamfaa nani

Aliyepata kiharusi mkono ukakakamaa. Hapa ndipo sindano hii inapostahili kufikiriwa zaidi kuliko inavyofikiriwa sasa. Mkono umekunjika ngumi, kucha zinachimba kiganja, ndani panatota jasho na kunuka, na anayemwogesha mzee hawezi kupenyeza hata kitambaa. Dawa ikidungwa kwenye misuli inayokunja vidole na kifundo cha mkono, ngumi inalegea, kiganja kinaoshwa, kucha zinakatwa, mkono wa kanzu unapita. Jumla ya dozi ya mkono kwa mtu mzima huwa baina ya yuniti 75 na 400 za Botox, zikigawanywa kwenye misuli kadhaa, na daktari makini hutumia ultrasaundi au mashine ya kupima umeme wa misuli ili ajue sindano imefika wapi.

Ila pima jambo moja nyumbani kabla ya kutumia pesa. Mgonjwa akiwa usingizini, mfungue vidole polepole sana. Vikifunguka, tatizo ni msuli unaokaza, na sindano ina la kufanya. Visipofunguka hata usingizini, huenda kano na kiungo vimeshafupika na kuganda. Sindano haitavinyoosha, muulize daktari wa mifupa. Na lengo liandikwe kwa maneno ya kila siku kabla ya kudungwa: "kiganja kioshwe bila maumivu", "avae shati bila kusaidiwa na watu wawili". Ukiandika "apone mkono", hutajua kama dawa imefaulu, na ukweli ni kwamba haimrudishii mtu nguvu iliyopotea.

Mtoto mwenye mtindio wa ubongo anayetembea kwa ncha za vidole. Dozi hupimwa kwa uzito: Botox, jumla ya sindano zote ndani ya miezi 3, isizidi yuniti 10 kwa kila kilo au yuniti 340, kutegemea ipi ndogo. Kwa hivyo mtoto wa kilo 14 hapaswi kuvuka yuniti 140. Mzazi asione haya kuomba mtoto apimwe mizani siku hiyo hiyo na hesabu ifanywe mbele yake. Sindano bila fiziotherapia na bila kifaa cha kushikilia mguu ni pesa iliyomwagwa baharini: dawa inafungua mlango kwa miezi mitatu, kazi ya kuunyoosha msuli inafanywa na mazoezi. Panga miadi ya mazoezi kabla ya kupanga ya sindano.

Kipandauso sugu. Neno sugu lina kipimo: kichwa kuuma siku 15 au zaidi kila mwezi. Anayeumwa mara mbili tatu kwa mwezi hii si dawa yake. Weka daftari la mwezi mzima, tarehe na saa na kidonge ulichomeza, kwa sababu wengi hugundulika wanameza vidonge vya maumivu karibu kila siku, na vidonge vyenyewe ndivyo vinavyokiwasha kichwa. Utaratibu uliothibitishwa ni yuniti 155 zikigawanywa sindano 31, yuniti 5 kila moja: baina ya nyusi, paji la uso, panja zote mbili, kisogo, shingo na mabega. Hurudiwa kila wiki 12. Usiihukumu kwa awamu ya kwanza. Wapo wanaopata nafuu awamu ya pili. Na anayekudunga paji la uso peke yake akakuambia ametibu kipandauso, amekupa urembo kwa bei ya matibabu.

Kibofu kisichozuilika. Vidonge vikishindwa, daktari wa mkojo hupitisha kamera na kudunga yuniti 100 ndani ya ukuta wa kibofu, sehemu 20. Kwa mwenye jeraha la uti wa mgongo ni yuniti 200, sehemu 30. Maambukizi ya mkojo yatibiwe kwanza. Na jambo lisilofichwa: kati ya watu 100 waliodungwa yuniti 100, wapatao 6 hushindwa kukojoa vizuri na kulazimika kutumia mpira wa kutolea mkojo kwa muda. Kama huko tayari kufundishwa kujiwekea mpira, usikubali sindano.

Jasho la kwapa. Mombasa kila mtu hutoka jasho, na jasho la Aprili si ugonjwa. Tunazungumzia linalotiririka hata kwenye chumba chenye AC, linalochovya nguo mbili tatu kwa siku. Jaribu kwanza dawa ya kupaka ya aluminiamu kloraidi ya asilimia 20, usiku, kwapa likiwa kavu. Ikishindikana, ni yuniti 50 kila kwapa, sindano 10 hadi 15 za juu juu ya ngozi. Daktari mzuri hupaka aidini, akanyunyiza unga wa wanga, na pale panapotoka jasho hugeuka bluu nzito. Hapo ndipo anapodunga. Asiyepima huacha mabaka yanayoendelea kutoa jasho. Nafuu hukaa kama miezi 6.

Shingo inayojipinda, uso unaocheza upande mmoja, mate yanayomwagika kwa mwenye Parkinson: zote zina nafasi, mikononi mwa daktari wa neva.

Mikunjo ya uso. Inafaa kwa mikunjo inayotokea unapokunja uso. Kunja ndita, kisha legeza: mistari ikipotea, dawa itafanya kazi vizuri, ikibaki imechimbika hata uso umetulia, itapungua tu. Haiinui ngozi iliyolegea, haijazi mashavu yaliyobonyea, haiondoi madoa ya jua wala makovu ya mkorogo. Kinachojaza ni fila, kitu tofauti chenye hatari zake, ikiwemo kuziba mshipa wa damu na kupofusha jicho. Anayeziita zote mbili "botoksi" hajui anachouza.

Nani asidungwe

Mwenye myasthenia gravis au ugonjwa mwingine wowote unaodhoofisha muungano wa neva na misuli. Mwenye jipu au maambukizi pale sindano inapotakiwa kuingia. Aliyewahi kupata mzio wa dawa hii. Mwenye mzio wa protini ya maziwa ya ng'ombe asipewe Dysport, chapa nyingine ya sumu hii. Mjamzito na anayenyonyesha waahirishe, hasa kama ni ya urembo. Mikunjo inaweza kungoja. Mwenye shida ya kumeza au kupumua aseme mapema, maana kwake dozi ya kawaida inaweza kuwa kubwa.

Taja kila dawa unayotumia. Zile za kupunguza damu huleta michubuko. Lakini inayotisha zaidi ni gentamisini na ndugu zake, dawa za kuua bakteria ambazo hudungwa mara nyingi tu katika zahanati zetu: huongeza nguvu ya sumu ya botulini. Tahadhari hiyo inaendelea baada ya sindano pia. Ukienda kutibiwa homa mwezi unaofuata, mwambie anayekutibu.

Tunaulizwa mara kwa mara kuhusu imani. Chapa za Botox, Dysport na Xeomin zote zina albumini, protini itokanayo na damu ya binadamu, na una haki ya kuambiwa hivyo kabla. Kuhusu saumu, wanazuoni wengi wa sasa husema sindano isiyo ya lishe haifunguzi, ila wapo wanaotofautiana. Muulize shehe wako, au weka miadi baada ya futari. Matibabu haya hayana haraka ya siku moja.

Kukagua mtu na kichupa

Tafuta jina la daktari kwenye rejista ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, iliyo wazi mtandaoni, na uangalie leseni ni ya mwaka huu. Jina la kliniki nalo lionekane. Cheti cha kozi ya wikendi kilichotundikwa ukutani si leseni. Sindano za sebuleni, za chumba cha hoteli, za "sherehe ya Botox" kule Nyali au Mtwapa ambako mtaalamu amekuja kwa siku moja na kesho hayupo, zikatae zote. Kope ikianguka siku ya 5 utamrudia nani?

Kichupa kifunguliwe mbele yako. Angalia haya: namba ya toleo kwenye boksi na kwenye kichupa zifanane, tarehe ya mwisho haijapita, kifuniko hakijaguswa, dawa imesajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu, PPB. Piga picha ya lebo. Botox, Dysport na Xeomin zote huja zikiwa kavu, na kichupa cha Botox huonekana kama kitupu, kikiwa na utando mweupe mwembamba chini. Usishtuke, ndivyo kilivyo. Cha kushtua ni kuletewa sindano iliyokwishajazwa nyuma ya pazia.

Hofu hii ina msingi. Mwaka 2004 huko Florida, watu wanne walipooza baada ya kudungwa sumu ya maabara isiyoruhusiwa kwa binadamu. Mwaka 2024 Marekani iliripoti wanawake 22 katika majimbo 11 walioumia baada ya sindano za bandia au za watu wasio na leseni, na nusu yao walilazwa. Mwaka 2023 makumi ya watu waliodungwa tumboni nchini Uturuki ili wapungue uzito walirudi makwao Ulaya wakiwa na dalili za botulizimu, ugonjwa wa kupooza unaoletwa na sumu hii. Sindano ya tumbo la chakula kwa ajili ya kupunguza unene haina idhini. Ukiiona ikitangazwa, pita mbali.

Kisha baridi. Kichupa cha Botox kikae friji, nyuzi 2 hadi 8. Xeomin ndiyo inayovumilia joto la chumba lisilozidi nyuzi 25 kabla ya kuchanganywa, na chumba cha Mombasa bila AC hakifiki huko chini. Uliza kliniki: stima ikipotea kwa muda wa saa sita, friji ina jenereta? Kuna kipima joto kinachoandikwa kila siku? Dawa ilisafiri vipi kutoka Nairobi? Kichupa kilichokaa kwenye buti la gari juani huku kikingoja feri ya Likoni huenda kimepoteza nguvu. Tatizo si pesa tu. Mgonjwa asipoona matokeo, daktari huongeza dozi safari inayofuata, na safari hiyo kichupa kikiwa kizima, dozi iliyoongezwa inampata yote.

Kuchanganya na kupima: hapa ndipo wengi huumizwa

Dawa kavu huyeyushwa kwa maji ya chumvi ya hospitali ya asilimia 0.9. Sindano ya maji inapotoboa mpira wa kichupa cha Botox, kichupa hunyonya maji chenyewe, kwa kuwa ndani hamna hewa. Tazama kwa makini. Kisiponyonya, kichupa kilishaingia hewa na kinatakiwa kutupwa. Kisha kizungushwe taratibu. Hakitikiswi kama chupa ya sharubati, maana povu huharibu dawa. Kikishachanganywa kirudi friji na kitumike ndani ya saa 24. Mabaki ya mteja wa Jumatatu si yako wewe wa Alhamisi.

Sasa hesabu. Yuniti 100 zikitiwa mililita 2.5 za maji, kila mililita 0.1 ina yuniti 4. Zikitiwa mililita 1 tu, kila mililita 0.1 ina yuniti 10. Tone ni lile lile kwa macho, dozi ni mara mbili na nusu. Ndiyo maana kuambiwa "nitakuwekea kidogo tu" si jibu.

Mtego wa pili ni bomba la insulini, linalopendwa kwa sababu sindano yake ni nyembamba. Alama zake 100 huitwa yuniti, lakini ni yuniti za insulini. Kwa mchanganyiko wa mililita 2.5, alama ya 10 ya bomba hilo ni yuniti 4 za Botox, si 10. Asiyejua tofauti hiyo anaweza kukuzidishia au kukupunja bila mwenyewe kujua.

Mtego wa tatu ni chapa. Yuniti za Botox na za Dysport si sawa na hazibadilishwi kwa kuzidisha kichwani. Kwa ndita baina ya nyusi, Botox ni yuniti 20, yaani sehemu 5 za yuniti 4. Dysport ni yuniti 50, sehemu 5 za yuniti 10. Kwa hivyo ukihama kliniki usiseme "huwa napigwa hamsini". Taja chapa, yuniti na tarehe. Omba uandikiwe kila safari, na karatasi ikae na kadi zako za hospitali.

Vipimo vya uso vilivyoidhinishwa kwa Botox, uvijue: ndita 20, paji 20, pembe za macho 24 kwa pande zote mbili. Jumla ni 64. Ukisikia yuniti 150 kwa mikunjo ya kawaida, uliza zinaenda wapi. Matibabu yote kwa pamoja, kwa mtu mzima, yasizidi yuniti 400 ndani ya miezi 3. Anayedungwa kibofu na paji la uso kwa madaktari tofauti lazima awaambie wote wawili.

Wakati wa sindano na siku zinazofuata

Vipodozi vyote vioshwe, wanja pia. Spiriti ikauke kwanza. Uso hudungwa kwa sindano nyembamba ya geji 30, na kwenye ndita zile sindano za pembeni zikae angalau sentimita 1 juu ya mfupa wa jicho. Ukiona inashuka chini ya hapo, sema simama.

Kabla ya kudungwa paji, jipime kwenye kioo. Fumba macho, legeza uso wote, kisha fungua macho bila kunyanyua nyusi. Kope zikifunika mboni kwa sehemu, maana yake paji ndilo linalozibeba kope zako. Likilegezwa, macho yataonekana mazito na utachoka kuona. Wenye umri mkubwa hukutwa na hali hii mara nyingi. Dozi ipunguzwe, au paji liachwe.

Saa 4 za kwanza usilale chali wala kifudifudi. Siku nzima usisugue uso, usiende kusingwa, usifanye mazoezi mazito, usijifukize. Kilemba au ushungi usifungwe kwa kukaza juu ya paji. Alama ndogo za uvimbe huisha saa chache. Mchubuko na kichwa kuuma kidogo huchukua siku kadhaa.

Bi harusi afanye hesabu hii: wiki 2 dawa ifike kilele, na wiki 2 nyingine za akiba kama kuna la kurekebisha. Kwa hivyo mwezi mzima kabla ya singo na hina. Wiki ya harusi yenyewe usimruhusu mtu akuguse na sindano, hata kwa bure.

Siku ya 14 rudi ukaguliwe. Kabla ya hapo usikubali kuongezewa, kwani dozi ya kwanza haijamaliza kazi. Na usirudie dozi kamili kabla ya wiki 12: sindano za karibu karibu na dozi kubwa huweza kuuchochea mwili kutengeneza kingamwili, na siku utakapoihitaji kwa kiharusi au kipandauso, huenda isifanye kazi.

Mambo yanapoharibika

Kope moja kuanguka ndilo kosa la uso linalojulikana zaidi. Dawa imepenya hadi msuli unaoinua kope. Hutokea siku chache baada ya sindano na huisha ndani ya wiki kadhaa. Daktari wa macho anaweza kutoa matone ya apraklonidini ya asilimia 0.5 yanayoinua kope kwa milimita moja au mbili. Kukanda hakusaidii, na kuongezewa sindano kwa mtu yule yule "asawazishe" ni kuongeza tatizo.

Aliyedungwa shingo anaweza kupata ugumu wa kumeza. Ukiwa mdogo, ale laini kama uji na mtori, akiwa wima, kidogo kidogo. Ukizidi, ni dharura. Aliyedungwa kibofu akishindwa kukojoa, au akapata homa na maumivu ya mkojo, arudi siku hiyo hiyo.

Dharura ya kweli ni sumu kusambaa mbali na ilipodungwa. Tangu mwaka 2009 Marekani inalazimisha onyo hilo liwe kwenye karatasi ya maelezo ya kila dawa ya aina hii. Dalili huja saa chache hadi wiki kadhaa baadaye: kuona viwili viwili, kope zote mbili kulemea, ulimi mzito, sauti kubadilika, kushindwa kumeza, shingo kutobeba kichwa, pumzi kuwa fupi. Akili inabaki timamu na mara nyingi hakuna homa, hivyo watu hudhani ni uchovu au wasiwasi.

Sumu hiyo hiyo hupatikana kwenye chakula, na dalili ni hizo hizo, kwa kawaida saa 12 hadi 36 baada ya kula. Kenya tumeshaiona: mwaka 1978 watu walikufa kwa kumbikumbi waliofungiwa kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa. Bakteria huyu hupenda palipofungwa, pasipo hewa wala ukali wa ndimu au siki. Achari yenye siki ya kutosha haimfai. Kitunguu saumu kilichozamishwa kwenye mafuta na kuachwa wiki nzima nje ya friji kinamfaa sana. Mtoto asipewe asali mpaka atimize mwaka mmoja, hata ya kulambishwa kidogo tu. Tahniki inafanyika kwa tende.

Ukiona dalili hizo, usingoje asubuhi. Nenda hospitali yenye chumba cha wagonjwa mahututi, kama Hospitali Kuu ya Rufaa ya Pwani, na mkazi wa Likoni avuke usiku huo huo. Mgonjwa asiendeshe gari, akae wima, asile wala kunywa kama anapaliwa. Beba picha ya lebo na karatasi ya yuniti. Sema wazi mlangoni: "Amedungwa sumu ya botulini tarehe fulani, yuniti kadhaa, mahali fulani, na sasa hawezi kumeza." Waambie mapema wasimpe gentamisini wala magnesiamu kabla ya daktari kujua habari hii. Ipo dawa ya kupambana na sumu iliyobaki kwenye damu, lakini haiigusi iliyokwishaingia kwenye neva, kwa hivyo kila saa ina thamani. Anayesaidiwa kupumua kwa mashine kwa wakati kwa kawaida hupona, ingawa huchukua wiki au miezi.

Mgonjwa akishatulia, ripoti kwa PPB. Mfumo wao wa mtandaoni wa kupokea taarifa za madhara ya dawa, PvERS, unapokea ripoti za wananchi pia, si za madaktari pekee. Andika chapa, namba ya toleo, tarehe, yuniti, mahali ulipodungwa na dalili kwa mpangilio wa siku. Kichupa ukikipata, kiweke kwenye mfuko uliofungwa ndani ya friji, mbali na chakula na mikono ya watoto, mpaka kichukuliwe.